Mwalimu na Fukusi Mia Nne

Simu iliita saa nne na robo asubuhi, nikiwa napiga randa mlango wa jikoni wa mteja. Alikuwa mkuu wa shule anakofundisha mke wangu. Mkuu hunipigia madawati yakivunjika, kwa hiyo nikapokea kwa utani: "Mkuu, leo wamevunja mangapi?"

Hakucheka. Kisha akasema, "Fundi, kaa chini kwanza."

Mke wangu alikuwa ameanguka mbele ya ubao, kipindi cha pili. Walimkimbiza hospitali kwa gari la mkuu mwenyewe, lakini alifika akiwa ameshatutoka. Moyo, daktari alisema. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Mungu aliyemleta ndiye aliyemwita, na mimi simdai maelezo.

Watu wa kanisani waliniomba niandike maisha yake ukurasa mmoja, usomwe siku ya ibada. Niliandika kwamba alizaliwa, akasoma, akaolewa, akafundisha. Ukurasa ukaisha, na mke wangu hakuwemo. Kwa hiyo naandika tena, safari hii bila haraka, habari za miaka minne aliyosoma uzamili. Sijawahi kumwona binadamu mwenye furaha kama yeye katika miaka ile.

Mwalimu, hivyo ndivyo nilivyomwita hata nyumbani, naye aliniita Fundi, hakuwa mtu wa kukimbia. Mwili wake ulikuwa wa kutembea. Lakini siku moja aliingia mbio karakanani kwangu, pale uani, kiatu kimoja mkononi, karatasi mkono wa pili.

"Wamenichukua!"

"Nani kakuchukua?"

"Chuo kikuu! Uzamili! Soma, Fundi, soma hapa!"

Nikasoma. Mimi nilikomea kidato cha nne, lakini barua ile niliielewa yote. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, akatoka ndani akifuta mikono.

"Uzamili ndio ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, mama. Ni shule."

"Shule tena? Si ndiyo unayofundisha?"

"Ninafundisha waliyoyagundua wenzangu, mama. Sasa nakwenda kutafuta yangu."

Alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa amefundisha baiolojia miaka kumi na minane. Akapanga kufundisha asubuhi na kwenda chuoni mchana. Siku ya kujiandikisha alirudi amechakaa, lakini anacheka peke yake. Alisema chuo cha umma ni kama soko siku ya gulio, ila kila mtu ameshika faili. Dirisha la kwanza walitaka kitambulisho. Wa kitambulisho wakataka muhuri wa maktaba. Maktaba wakasema hawampigi muhuri mtu asiye na kitambulisho. Akazunguka hivyo mara tatu pamoja na bwana shamba mmoja mwembamba, naye mwanafunzi mpya, aliyekuwa akihesabu kwa sauti watu waliohudumiwa kwa saa. "Watu wanne na nusu," akamwambia. "Huyo nusu ni wewe, mama, umefika dirishani wakafunga." Mke wangu akambatiza jina la Takwimu palepale, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Darasani walikuwa kumi na watano, viti kumi na viwili. Aliyechelewa alibeba kiti kutoka chumba cha jirani kama mtu anayehama nyumba. Wiki ya kwanza vijana wawili walinong'ona nyuma yake wakati wa somo, naye akageuka: "Nyie wawili, simameni!" Wakasimama. Mhadhiri naye akanyamaza, akidhani amekosea yeye.

Msimamizi wake wa utafiti alikuwa profesa mwanamke, mfupi, mwenye kalamu nyekundu isiyoisha wino. Pendekezo la kwanza la utafiti lilirudi na maneno mawili yameandikwa pembeni mara kumi na moja: *Nani kasema?* Mwalimu alilia kidogo, akanawa uso, akaanza kutafuta nani kasema. Baada ya hapo neno lile likahamia kwetu. Mama akisema mvua itanyesha kesho, Mwalimu anauliza, "Nani kasema?"

"Goti langu limesema!"

"Goti moja halitoshi, mama. Tunahitaji magoti ishirini."

Alichagua kuchunguza fukusi, wale wadudu weusi wenye pua ndefu wanaotoboa mahindi ghalani. Alitaka kujua kama majani makavu ya miti ya kawaida, yakisagwa na kuchanganywa na mahindi, yanaweza kuwaua bila sumu ya dukani. Alikua akiona mama yake mzazi akimwaga nusu ya mavuno kila mwaka kwa sababu yamegeuka unga wa fukusi, na jambo lile lilikuwa limemkaa rohoni.

Shida ikawa maabara. Paa lilivuja, wakaifunga kwa matengenezo ya miezi mitatu, na miezi mitatu ya chuo ikawa mwaka na nusu. Mwalimu akawa anakwenda kila Jumatatu kuangalia, anakuta kufuli. Mwaka wa nne barua ikaja: mwanafunzi ambaye hatakuwa amewasilisha tasnifu ifikapo tarehe thelathini ya mwezi wa tisa, usajili wake utafutwa. Ikifutwa, yote aliyosoma yamekwenda na maji. Tulikuwa mwezi wa tano.

Profesa akamwambia, "Una chumba kisichotumika nyumbani?"

"Nina stoo, Profesa."

"Basi hiyo ndiyo maabara."

Nilitoa misumari na mbao stoo kwa siku moja. Nikamtengenezea kabati lenye matundu ishirini, kila tundu limeikaza chupa isitikisike, na Mwalimu akafunika midomo ya chupa kwa kitambaa chepesi ili wadudu wapate hewa. Chupa ishirini, kila moja na fukusi ishirini. Jumla mia nne. Chupa kumi na sita zilikuwa na unga wa majani ya aina nne, na nne hazikuwekwa kitu, ziwe za kulinganishia. Kila siku ya saba lazima wahesabiwe waliokufa, mpaka siku ya ishirini na nane.

Mama alisimama mlangoni akashika kiuno. "Watu wanafukuza fukusi, wewe unawafuga!"

"Nawafuga ili niwafukuze, mama."

"Na wakitoroka wakaingia kwenye mahindi yangu?"

"Tutawaandika kuwa watoro."

Siku ya saba alihesabu mwenyewe, akatoka stoo anapiga makofi. Majani ya aina moja yalikuwa yameanza kuua. Jioni ile tulisali mezani na akataja fukusi kwenye sala, Mama akafumbua jicho moja kuniangalia.

Siku ya kumi na nne ikaangukia wakati ameitwa kusahihisha mitihani mji mwingine, siku tatu. Akaniachia maelekezo kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: mwaga chupa kwenye sinia, hesabu wafu, waondoe, walio hai warudishe, andika.

Nikasema hii ni kazi ndogo. Nikafunga karakana, nikavaa miwani. Nikamwaga chupa ya kwanza, nikalitikisa sinia vizuri mahindi yasambae, kama tunavyotikisa misumari kutafuta ya saizi. Nikatazama. Fukusi wote wamelala, miguu imekunjwa, kimya. Wafu! Nikawaokota mmoja mmoja kwa kibanio nikawatia bakulini. Chupa ya pili, hivyo hivyo. Mara mojamoja alipita mmoja anakimbia, huyo nikamrudisha kwa heshima zote. Nilipomaliza chupa ya ishirini nilikuwa na karibu fukusi mia tatu na hamsini bakulini. Nikawamwagia kuku wa Mama, wakala mpaka wakachoka. Nikampigia simu.

"Mwalimu! Dawa imefanya kazi! Wamebaki hai kumi na mmoja tu!"

Alipiga kigelegele mbele ya wasahihishaji wenzake, nilikisikia. Kisha sauti ikabadilika.

"Fundi. Zile chupa nne zisizo na dawa je?"

"Hizo ndizo walikokufa wengi zaidi."

"Uliwagusa kwa sindano?"

"Sindano ya nini?"

"Fukusi akitikiswa hujifanya amekufa, Fundi. Anakunja miguu, anatulia mpaka hatari ipite. Lazima umguse tumboni uone kama atachezesha mguu." Akavuta pumzi. "Wako wapi sasa?"

Nikawatazama kuku.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kunigombeza mbele ya Mama. Aliporudi aliingia stoo, akakaa kwenye kigoda mbele ya kabati, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Kosa lake, alisema, ni kutoandika jambo ambalo kwake lilikuwa kama kujua jua linatoka wapi. Kosa langu nililijua bila kuambiwa.

Takwimu akaja siku ya pili, akapiga hesabu kwenye kiganja. "Kulea fukusi wapya wa umri mmoja, wiki sita. Jaribio, wiki nne. Huo ni mwezi wa nane unaishia. Unabaki na mwezi mmoja kuandika kila kitu. Haiwezekani, mama. Fanya hivi: siku ya saba unayo. Zilizobaki kadiria. Mstari wako unaonekana unakokwenda. Nani atakwenda kuwahesabu upya?"

"Wakulima," Mwalimu akasema. "Watachanganya haya majani na chakula cha watoto wao kwa sababu mimi nimesema yanafaa. Na Mungu naye ananiona nikiandika."

"Usajili ukifutwa je?"

"Ufutwe nikiwa na namba za kweli."

Nilikuwa nje ya dirisha, na nilisikia. Nilimwomba Mungu siku ile kuliko siku niliyomposa.

Wiki kumi zile nyumba nzima iliingia utafiti. Mama, aliyekuwa hataki kusikia jina la fukusi, ndiye aliyekuwa akiwapelekea mahindi safi na kuwauliza wameamkaje. Mimi nilifundishwa sindano. Nilikuwa nawagusa fukusi tumboni kwa adabu kama daktari wa watoto, Mwalimu anaandika, Mama anapinga: "Huyo wa pembeni mzima, nimemwona anapepesa kope!" Kila siku ya saba ilikuwa kama fainali. Siku ya ishirini na nane, majani ya aina ile ile ya kwanza yalikuwa yameua kumi na saba katika kila ishirini. Mwalimu alimkumbatia Mama, wakazunguka uani wakicheza, na mimi nikapiga ngoma kwenye ndoo.

Akaandika mwezi mzima. Shuleni wakampunguzia vipindi. Profesa akawa anasoma sura moja kwa siku mbili, jambo ambalo Takwimu alisema halijawahi kutokea katika historia inayopimika. Tarehe thelathini, saa tisa na dakika hamsini, karani wa ofisi ya uzamili alikuwa ameshashika funguo za kufunga. Mwalimu aliingia mbio, ikiwa mara ya pili maishani mwangu kumwona akikimbia, mimi nyuma nimebeba nakala nne za tasnifu kifuani kama mtoto mchanga. Karani akatutazama, akaweka funguo mezani, akagonga muhuri.

Siku ya kuitetea tasnifu niliruhusiwa kukaa nyuma, na koti langu la harusi. Mtahini aliyetoka chuo kingine alifungua sura ya tatu. "Umeandika hapa kuwa jaribio la kwanza lilifutwa kwa kosa la mhesabuji. Mhesabuji ni nani?"

"Ni mume wangu. Yule pale nyuma."

Chumba kizima kikageuka.

"Alikosea vipi?"

"Aliwatangaza wafu wakiwa hai, akawalisha kuku."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Mtahini akasubiri watulie. "Ungeweza kuficha. Nisingejua."

"Ningejua mimi," Mwalimu akasema.

Walitutoa nje dakika ishirini. Takwimu, aliyekuja kumsindikiza, alizihesabu. Walipotuita walimwambia amefaulu, arekebishe mambo machache, hasa nukta. Mwalimu aliniangalia, akasahau wazee wa chuo wote waliokaa pale, akaruka juu. Kweli aliruka, miguu yote miwili.

Alipovaa joho, Mama alikuwa mstari wa mbele akimwambia kila aliyekaa karibu kuwa na yeye alisaidia kuhesabu. Baada ya hapo Mwalimu alirudi darasani kwake, akafundisha miaka miwili mingine, na wakulima walikuwa wakija nyumbani Jumamosi kuuliza kipimo cha majani kwa gunia. Aliwajibu bila kukisia.

Tulimzika Alhamisi. Ibada ilianza saa sita mchana. Mchungaji alihubiri kwa ufupi, na ukurasa wangu ulisomwa na mdogo wake Mwalimu. Profesa alikuja na akaomba kusema. Alisema amesimamia wanafunzi wengi, na huyu alikuwa mkweli. Akakaa. Takwimu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Wanafunzi wa shule walijipanga pande mbili za njia kutoka kanisani hadi makaburini. Saa tisa jeneza lilishushwa. Nilitia udongo mara tatu, kisha Mama, kisha ndugu zake, kisha wengine. Mchungaji akaomba, tukaitikia amina. Mafundi wenzangu walimalizia kufukia, tukaweka maua, nikamshika Mama mkono tukarudi nyumbani.