Maua Mekundu na Siagi

Miaka ya hamsini, katika karakana ya misheni karibu na Nyamitaba, kwenye milima yenye baridi, mwenzangu na mimi tulichapa maua kwenye vitambaa. Sote wawili tulimpenda msichana mmoja wa wafugaji aliyetuletea maziwa. Krismasi ilipokaribia alitaka kitambaa cha kujitanda, nasi tukakubaliana kila mmoja achape chake, yeye achague.

Mwenzangu alitumia wino wa maji, uliofifia kama chai iliyotiwa maji mara mbili. Aliusukuma kupitia hariri iliyowambwa kwenye fremu ya mbao, kisha akapiga kitambaa pasi ya makaa mpaka rangi ikashika. Mimi nilichukua wino wa mafuta kwa sababu unang'aa. Nilijua kwamba katika baridi yetu hukauka polepole, lakini nilikuwa nimechoka kumwona msichana akimchekea mwenzangu.

"Ya kaka iko inangaa kama jicho ya ngombe," msichana alisema siku ya kuchagua, akachukua changu.

Siku ya Krismasi alijipaka siagi mabegani, kama wasichana wote wa kwao, akajitanda. Siagi ikalainisha wino ambao ulikuwa haujakauka. Misa ilipoisha, maua yangu mekundu yalikuwa yamehamia shingoni mwake.

"Kaka, ulinipa kitambaa ao kidonda?" aliniuliza mbele ya watu.

Mwenzangu hakucheka. Aliingia karakanani akamletea kile chake. Msichana alijitanda, akakivuta mpaka kidevuni kufunika wekundu ule.

Kosa lilikuwa langu, si la siagi. Lakini mkono ule ukivuta kitambaa hafifu bado unanichoma.