Tarumbeta ya Kanisa Kwenye Mawe

Nilisikia tarumbeta kwanza. Nilikuwa bado nyuma ya kilima, nje kidogo ya Rwambuzi, nimembebea mama sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakati sauti ile ilipopanda juu ya milio ya nyundo, nono, yenye kung'aa, ikikwaruza kidogo ilipofika juu kama jogoo mwenye mafua. Nikajua baba mdogo ameanza kazi.

Mama yangu alikuwa akiponda mawe kwenye kariere, machimbo ya mawe, pamoja na wanawake wengine wapatao thelathini. Wanaume walitoboa mwamba na kujaza baruti, kisha wakasogea mbali. Baba mdogo ndiye aliyewasha utambi. Zamani alionya watu kwa firimbi. Lakini firimbi ni kitu kidogo mbele ya nyundo thelathini, na siku moja mtu mmoja hakuisikia. Alikuwa amekaa akimenya muhogo. Jiwe lisilozidi ukubwa wa parachichi lilimfuata hapo hapo alipokaa. Baada ya matanga mjane wake alichukua nyundo, akakaa mahali palepale, kwa kuwa watoto hawakuacha kusikia njaa.

Baba mdogo aliapa kwamba hatawasha tena kama kichwa hata kimoja kiko wazi. Akaenda kuomba tarumbeta ya fanfari, yaani bendi ya kanisa, ile anayoipiga kila Jumapili. Mchungaji akakubali kwa sharti moja: tarumbeta ya Mungu isipige muziki wa baa. Nyimbo za ibada tu.

Mchungaji hakujua alichokifanya.

Nilipofika juu ya kilima niliwakuta wanawake wote wamesimama wima, kila mmoja mbele ya rundo lake la kokoto, nyundo kifuani, macho wamefumba, wanaimba. Sauti ya kwanza huku, ya pili kule. Baba mdogo alipunga kitambaa chekundu, na kadiri alivyopunga ndivyo walivyodhani anawaongoza.

"Mama zangu, mukimbie!" alilia. "Hii haiko ibada! Iko baruti!"

"Tukate wimbo ya Mungu katikati?" mama yangu alimjibu bila kufumbua macho. "Iko na mistari ine. Ngoja tumalize."

Baba mdogo akabadilisha wimbo. Nao wakabadilisha, tena kwa furaha, maana huo waliupenda zaidi. Nakiri kwamba mimi pia niliweka sufuria chini nikaingia na sauti ya tatu.

Chefu, msimamizi wa kariere, akachungulia dirishani kwenye kibanda chake cha mabati, chini kabisa ya mwamba. "Weye! Lori ya kwenda Marabo inangoja mawe. Washa!"

"Siwashi, chefu. Watu bado wako."

"Basi kesho utapigia hiyo kitu yako mbuzi sokoni! Hapa kazi imeisha!"

Baba mdogo akashusha kitambaa chake. Ndipo mjane akafumbua macho. "Papa," alimwambia, "tupigie ile ya kutokea."

Kanisani kwetu hakuna anayeondoka hivi hivi. Fanfari hupiga wimbo wa kutokea, watu wakatoka kwa mstari huku wakicheza. Nje, wa kwanza husimama. Wa pili humpa mkono na kusimama kando yake. Wa tatu huwapa mkono wote wawili, mpaka mtu wa mwisho asalimiane na kanisa zima.

Baba mdogo akapiga. Miguu ikaitika kabla ya vichwa. Wanawake walipanda kilima wakitikisa viuno, wakanizoa mimi na sufuria yangu, tukateremkia upande wa pili. Mjane akasimama wa kwanza. Mikono yetu ilipokutana vumbi jeupe liliruka, kana kwamba tunasalimiana kwa unga.

Baba mdogo akatoa kiberiti ili arudi kuwasha utambi.

"Ngoja," alisema mjane. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka mbele. "Mukono moja bado."

Tukatazamana. Chefu!

"Mabati yangu iko nguvu!" alijibu tuliporudi juu ya kilima na kumwita. "Washa tu!" Mabati hayo yalikuwa na matundu matatu, na kupitia mojawapo uliweza kumwona anatafuna.

Baba mdogo akarudisha kiberiti mfukoni.

"Chefu, toka!" mama yangu alipaza sauti. "Ibada imeisha! Hata shetani anatokaka mbele yako! Ao unaogopa kutupa mukono?"

Tarumbeta ikaanza upya wimbo wa kutokea. Mara ya kwanza chefu alifunga dirisha. Mara ya pili alilifungua atukane. Mara ya tatu tuliona kichwa chake kinaanza kuitika. Mwishowe akatoka, sahani ya wali mkononi, mdomo umevimba kwa hasira, bega la kushoto likicheza bila ruhusa yake. Mjane hakuwa ameshusha mkono. Chefu akaanza kupanda kuja kwetu, na nyuma yake mlango wa bati ukajifunga: pwaa!