Bibi Alivyorudi Kuomba Kadi ya Maktaba

Usiku ule nililala na hotuba mkononi. Nilikuwa nimeiandika na kuifuta, na kila nilipoirekebisha ilizidi kuharibika. Asubuhi yake kamati ya kata ingekutana kuamua kama maktaba yetu, ambayo mimi ni mkutubi wake, igeuzwe ukumbi wa harusi. Wasomaji hawaonekani, walisema. Nami ningebisha nini? Wiki ile aliyeingia kwa hamu kuliko wote alikuwa mbuzi wa jirani, naye alikuja kula magazeti.

Mume wangu alikubali kunisikiliza nikifanya mazoezi. Nikaanza, "Ndugu wajumbe, kusoma ni nguzo ya maendeleo..." Kabla sijafika kwenye koma ya pili alikuwa anakoroma. Nikazima taa, nikalala.

Nikajikuta maktaba. Ilikuwa maktaba yetu, lakini ilikuwa pia jiko la bibi yangu: mafiga katikati ya meza za kusomea, masufuria yamepangwa rafuni pamoja na vitabu, na mimi sikushangaa hata kidogo. Mlango ukafunguka. Akaingia Bibi Mwajuma, mama wa mama yangu, aliyefariki nikiwa bado chuoni. Khanga kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi. Anakuja moja kwa moja hadi mezani kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka kadi."

Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, na tangu siku ile hakuna karatasi iliyopita mbele yake salama. Hata gazeti lililofungiwa dagaa alilikunjua na kulisoma, dagaa wakisubiri. Ila hakujua kusoma kimoyomoyo. Alisoma kwa sauti, tena sauti ya kuita watu shambani. Siku aliyokwenda maktaba, mkutubi wa zamani zile alimwonyesha kibao cha KIMYA, kisha akamwonyesha mlango. Bibi hakurudi tena.

Sasa amerudi.

"Bibi, kadi inataka anwani," namwambia.

"Andika makaburini. Sijahama tangu nifike."

"Na mdhamini?"

Anageukia mlango. "Mama Kulwa, ingia!"

Anaingia Mama Kulwa, jirani yetu, ambaye naye tulimzika, na nyuma yake wanawake wote wa mtaa waliokwisha kutangulia. Wanapangusa udongo miguuni kwa adabu, wanaketi, wanavuta vitabu. Mimi kazi ni kazi, nawauliza watavirudisha lini.

"Mwanangu," anasema Mama Kulwa, "sisi tuna haraka gani?"

Bibi amefungua kitabu cha hadithi na ameanza kusoma. Sauti ni ileile. Humo bwana harusi katorokea dirishani, bibi harusi yuko nyuma yake na mwiko. Wanawake wanapiga makofi, wanabishana. Huyu anasema amwache aende, yule anasema kwanza arudishe godoro. Mmoja anataka ukurasa urudiwe, hakusikia vizuri kwa sababu ya kucheka. Meza zinatikisika. Na mimi, mkutubi, nikakumbuka kibao ukutani. Nikasimama niwanyamazishe. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mbuzi.

Wakacheka mpaka Mama Kulwa akashika mbavu. Bibi peke yake hakucheka. Alivua miwani, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo na homa.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "unataka waje, au unataka wanyamaze?"

Nikageuka kukitazama kibao. Na kuta hazipo tena. Tuko sokoni, rafu zimesimama kati ya mafungu ya nyanya, na bibi ameshika hotuba yangu. Anaisoma kwa sauti mbele ya wote. "Ndugu wajumbe, kusoma ni nguzo..." Mama Kulwa anapiga mwayo mrefu, anainuka, anajikung'uta khanga.

"Mimi narudi kaburini," anasema. "Kule angalau kuna upepo."

Wenzake wanamfuata. Soko linabaki tupu, mimi na bibi tu. Anaikunja karatasi mara moja, anaikunja tena, anaiweka chini ya sufuria linaloyumba. Mkono wake uko begani kwangu, wa moto kabisa.

"Usiwahubirie. Wasomee."

Nikataka kumshika. Nikashika mto.

"Mama Asha!" Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, macho yamemtoka. "Mbona unalia kama mbuzi?"

Nilikuwa nalia kweli, na nilikuwa nacheka. Sikumweleza. Kulipokucha nilipitia maktaba, nikaking'oa kile kibao cha KIMYA, nikajaza vitabu kikapuni na kwenda kwenye mkutano bila hotuba.

Diwani alikuwa amekasirika kabla hata hatujaanza. Kuku wake wanakufa, alisema, na kuna mtu kawaroga. Zamu yangu ilipofika sikuhubiri. Nilipekua kikapu, nikatoa kitabu cha ufugaji, nikasoma: "Kuku mwenye ugonjwa wa kideri huzubaa, huharisha kijani, wengine hupinda shingo..."

"Hao ndio wangu!" Diwani akasimama.

Nikaendelea. Mtendaji wa kata akavuta kiti karibu. Mama aliyekuwa anamimina chai akaacha kumimina. Nilipofika mahali panaposema kuku walio bado wazima wachanjwe, mjumbe mmoja akaniomba nirudie, polepole, na mwenzake akamwambia anyamaze asikie. Habari ya ukumbi wa harusi ikaahirishwa, maana diwani alitaka kitabu kile, na nilimwambia vitabu huazimwa maktaba tu.

Natoka, yule mama wa chai akanifuata hadi uani.

"Dada, hivyo vya kuku nimevisikia. Vya waume je, vipo?"

Nikamwambia aje jioni tutafute pamoja. Alikuja na wenzake, kila mmoja na kigoda chake kichwani, wakihofia viti havitatosha.

Na kweli, havikutosha.