Kituo Kisicho Kwenye Ratiba

Mamlaka ya uwanja wa ndege imetangaza, na tangazo lenyewe limetundikwa ndani ya fremu juu ya meza ya mapokezi, kwamba katika mji huu hakuna abiria wa kupita. Yeyote anayesubiri ndege ya kuunganisha kwa zaidi ya saa sita ni mgeni wa mji. Ataonyeshwa mji bure, kwa basi, kwa saa nne, na atarudishwa akiwa ameridhika. Chini yake kuna sahihi ya mkurugenzi na mhuri wa bluu.

Aliyekabidhiwa kazi ya kuwaridhisha ni mzee mwembamba mwenye spika ndogo kiunoni, ambaye uwanja mzima unamwita Kushoto Kwenu. Kwa miaka kumi na moja amesimama mbele ya basi akisema kushoto kwenu ni mahakama kuu, kushoto kwenu ni mnara wa maji, maana njia imepangwa ili kila cha maana kiangukie upande huo. Mkewe alikuwa akimtania mezani: "Kushoto kwenu, mabibi na mabwana, ni chumvi. Naomba uisogeze." Mkewe amefariki miezi minane sasa. Tangu hapo chumvi anajifuatia mwenyewe.

Binti yao, wa pekee, hulea wazee katika nchi ya mbali. Mama yake alipofariki, kazini walimpa ruhusa ya siku tatu, na safari ya kuja tu inakula mbili. Aliyatazama mazishi kwenye simu, mtandao ukakatika kabla jeneza halijashushwa. Sasa alikuwa anahamia kazi mpya nchi nyingine, na ndege ingemshusha hapa Alhamisi, asubiri kwa muda wa saa kumi na moja. Alhamisi ndiyo siku ya mapumziko ya baba yake. Wakapanga kwenda kaburini pamoja, kwa kuwa mzee ndiye pekee anayelijua: jiwe halijawekwa, na kibao cha namba kilisombwa na mvua. Kisha shirika la ndege likabadilisha ratiba. Ikawa Jumanne, kwa muda wa saa sita na dakika arobaini tu.

"Omba ruhusa, baba," binti alimwambia kwenye simu.

"Nimeomba. Mwenzangu wa zamu anaumwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jiandikishe kwenye ziara kama wengine. Basi halipakii mtu asiye kwenye orodha. Angalau tutaonana."

Akajiandikisha, akawa namba tisa. Saa tatu asubuhi, mlangoni mwa basi, walipeana mikono, maana foleni ilikuwa inasukuma. Miaka sita hawakuwa wameonana. Baba akamvika kitambulisho cha shingoni, akasema, "Karibu mjini," kama alivyowaambia wale wanane waliotangulia.

Binti akakaa kiti cha nyuma ya dereva. Mahakama kuu ikapita kushoto. Mnara wa maji ukapita kushoto. Mfanyabiashara wa matairi, mwenye kamera kubwa kuliko haja, alipiga picha vyote viwili na pia kituo cha mafuta.

"Baba," binti alisema chinichini, "kutoka hapa ni mbali?"

Mzee hakuuliza ni wapi. "Dakika kumi na mbili."

"Na sokoni tunakaa muda gani?"

"Arobaini. Wananunua vikapu."

Binti akatazama dirishani. Mzee alizima spika, akamwinamia dereva.

"Soko limefungwa leo."

"Soko hili, mzee? Halijawahi kufungwa tangu nizaliwe."

"Leo limefungwa."

Dereva alimtazama, akamtazama namba tisa kwenye kioo, akaona zile pua mbili zilizofanana. "Kweli," alisema. "Hata mimi nilisikia." Akawasha indiketa ya kulia, ambayo kwenye basi hilo ilikuwa haijatumika sana.

Makaburi ya manispaa yana geti la chuma na bomba linalovuja. Abiria waliteremka. Mzee akawahesabu, akapata tisa, akawasha spika kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea.

"Kushoto kwenu ni makaburi ya manispaa. Ekari kumi na nane. Tafadhali tusikanyage pembeni."

"Kuna mtu maarufu hapa?" aliuliza wa matairi.

"Yupo. Nifuateni."

Akawapeleka hadi safu ya kumi na nne na kusimama mbele ya tuta lililoota majani mafupi, lisilo na kitu juu.

"Hapa amelala mshonaji wa sare za shule," alisema. "Alishona miaka ishirini na tisa. Nusu ya mji huu ilijifunza kusoma ikiwa imevaa mishono yake. Mifuko alikuwa anaishona mara mbili, kwa kuwa watoto hubeba mawe."

"Alikufa kwa nini?" aliuliza bibi mmoja aliyesafiri na mumewe, kwa adabu.

"Figo. Wiki sita. Ilikuwa asubuhi, saa moja kasoro robo. Alitaka dirisha lifunguliwe, likafunguliwa."

Haya yote binti yake hakuwahi kuyasikia. Kwenye simu aliambiwa tu kwamba mama amepumzika.

"Alisema kitu?" aliuliza namba tisa.

Mzee alirekebisha spika, ingawa haikuwa na tatizo. "Aliuliza binti yake anafika saa ngapi."

"Akajibiwaje?"

"Kwamba yuko njiani."

Wa matairi akapiga picha. Namba tisa alichuchumaa, akang'oa jani moja, akaona si kazi ya kumalizika, akaacha. Bomba liliendelea kuvuja. Baada ya dakika kumi na sita mzee alisema muda umekwisha, na ulikuwa umekwisha kweli.

Saa saba walikuwa uwanjani. "Umekula?" mzee alimuuliza binti, akipokea kitambulisho.

"Nitakula kwenye ndege."

"Haya. Hilo koti ni zuri."

"La kazini, baba. Jiwe tuliweke lini?"

"Ukija."

Binti akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenye mstari wa ukaguzi, akavua viatu.

Msimamizi wa zamu alikuja na karatasi ya kifaa cha kufuatilia basi. "Mlisimama mahali pasipo kwenye ratiba."

"Tairi," dereva alisema.

"Dakika kumi na sita?"

"Lilikuwa tairi gumu."

Kwenye fomu za maoni, wa matairi aliandika kwamba makaburi ni safi, ila soko hakuliona. Mzee aliketi chini ya fremu, akajaza ripoti ya siku. Wageni wa mji: wanane. Mwenye hati ya uraia hahesabiwi kuwa mgeni, fomu inasema hivyo, kwa hiyo akamwandika binti yake kwenye safu ya mwisho, iliyokuwa tupu tangu ilipochapishwa. Abiria wa kupita: mmoja.