Sofa la Mkamwana

Mama Nukta alipewa jina hilo ofisini, alikokuwa karani mpiga chapa. Kila alipomaliza kubishana na mtu alisema "nukta," akarudi kwenye mashine yake, na yule mtu akabaki amesimama mdomo wazi. Siku anastaafu, wakubwa walimpa saa ya ukutani na hotuba. Saa ilikufa mapema. Hotuba ilikuwa imeshakufa tangu inaanza kusomwa. Kitu alichokitaka alikiomba mwenyewe: kiti chake cha kazi, cha mbao, chenye mgongo ulionyooka na mikono miwili ya kushikia. Wakampa, maana hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumnyima.

Kwenye kiti hicho, dirishani, ndipo alipokuwa akiula uzee wake. Asubuhi alikunywa kikombe cha chai kabla binadamu yeyote hajamsemesha. Kisha alifungua redio, akasikiliza matangazo ya vifo kama wengine wanavyosikiliza mpira. "Mpendwa wetu!" aliiambia redio. "Alipokuwa hai mlimpendea wapi, mbona alishinda peke yake?" Mchana alimenya njegere bakulini huku akitazama barabara. Alikuwepo mwalimu mstaafu aliyekimbia kwa ajili ya afya na kusimama kila penye mti, akijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwepo mke wa mfamasia, aliyeongea na simu kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Mama Nukta hakumkosa hata mmoja.

Kero pia alikuwa nazo. Kulikuwa na chupa za dawa, ambazo vifuniko vyake vilitaka mkono wa fundi gereji. Kulikuwa na wauguzi waliomwinamia na kumpigia kelele, "Bibi! Hujambo, bibi?" utadhani uzee huingilia masikioni. Na kulikuwa na mkamwana.

Mwanawe, mtoto wake wa pekee, alikuwa afisa wa bima, mpole kupita kiasi, mtu anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mkewe aliuza mapazia. Hakuwahi kuingia kwenye chumba akakiona kiko sawa. Alikuwa ameshabadilisha mapazia ya Mama Nukta, akahamisha kabati, na picha ya marehemu baba mkwe akaisogeza kutoka ukutani juu ya redio hadi kwenye kona, kwa madai kwamba chumba kinahitaji kupumua.

"Na marehemu je?" Mama Nukta alimuuliza. "Yeye ndiye asiyepumua, lakini mnamsukuma kwenye kona."

Siku moja mwanawe alimpeleka kliniki ya macho. Walichelewa, kama watu wanavyochelewa kliniki, na waliporudi mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, usifungue macho kwanza!"

"Daktari amenitia dawa. Hata nikiyafungua sioni."

Lakini alichowekewa hata kipofu angekiona. Lilikuwa sofa, la rangi ya maini mabichi, limevimba pande zote kama mtu aliyeumwa na nyuki. Limesimamishwa dirishani, mahali pa kiti chake. Kabla hajasema neno, mkamwana alimshika mabega akamkalisha. Mama Nukta akazama. Akazidi kuzama. Magoti yakaja juu, miguu ikaning'inia.

"Eh, mama? Raha, siyo?"

"Nimekaa au nimezikwa?"

Mkamwana alicheka, akampiga picha kwa simu na kuirusha kwenye kundi la ukoo kabla mwenyewe hajajua aangalie wapi.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Kile? Kile kilikuwa kinakuumiza mgongo, mama."

"Mgongo ulikwambia?"

Mwanawe alitazama sakafu. "Tutaongea, mama," alisema, na kwake maana ya tutaongea ilikuwa hatutaongea. Mkamwana aliingia jikoni, akarudi akifuta mikono. "Nimekuinjikia maji ya chai kwenye gesi. Wewe pumzika tu." Wakaurudishia mlango, wakaenda zao kwao wakiwa wameridhika, hasa mmoja wao.

Maji yalipoanza kuchemka Mama Nukta alijaribu kuinuka. Alishika mkono wa kulia wa sofa, ukabonyea. Alishika wa kushoto, nao ukabonyea. Alijisukuma kwa mgongo, sofa likamvuta kama lina wivu. Alijipindua ubavu, kichwa kikaingia kati ya mito miwili, akatoka hapo anatema nyuzi. Simu ilikuwa mezani, ng'ambo ya chumba. Birika lilikoroma, likapiga mluzi, kisha likanyamaza, na baada ya muda akasikia harufu ya chuma kinachoungua.

Hapo ndipo alipolazimika kufanya jambo alilolichukia kuliko yote. Alimwita Kinyozi.

Kinyozi alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta na rafiki wa marehemu mumewe. Mama Nukta alimdharau tangu zamani, kwa sababu mumewe hakuwahi kutoka kwenye kibanda chake akiwa amenyolewa sawasawa. Siku zote upande mmoja ulikuwa mfupi na mwingine kichaka. Mume wa mtu anaenda kazini, kichwa kinafanana na shamba lililogombaniwa.

"Kinyozi! We Kinyozi! Gesi!"

Mzee alikuja mbio zake, yaani alikuja. Alisukuma mlango, akazima jiko, akafungua madirisha, akarudi sebuleni.

"Shemeji, kulikoni? Umeanguka?"

"Ningekuwa nimeanguka ningekuwa chini. Nivute."

Kinyozi alimshika mikono yote miwili, akavuta. Mama Nukta alipanda kidogo, mzee akateleza kwenye zulia, na wote wawili wakarudi kwenye sofa kwa kishindo. Alijaribu kusimama. Akajaribu tena. Kisha akatulia, akapapasa mto.

"Lakini ni laini, shemeji."

"Hivyo ndivyo ulivyonisaidia? Ndiyo maana hata kichwa cha mtu hukuweza kukimaliza."

"Kichwa gani?"

"Unajua kichwa gani."

Kinyozi alitazama picha ya rafiki yake kule kwenye kona. "Shemeji," alisema, "yule bwana alikuwa akikaa tu kwenye kiti changu, analala. Analalia upande mmoja, shavu begani. Nanyoa upande ulio wazi. Ule mwingine nitaufikiaje bila kumwamsha? Na nilikuwa namwonea huruma kumwamsha."

"Nyumbani kulikuwa na kitanda."

"Nyumbani kulikuwa na wewe, shemeji."

Katika maisha yake Mama Nukta alikuwa amenyamazisha mameneja, na hata mhubiri mmoja. Safari hii nukta aliiweka Kinyozi. Alihisi uso unawaka. Ikiwa ni hasira au ni kitu kingine, hakutaka kujua, na hakutaka kukijulia mbele ya Kinyozi. Alijisukuma mbele kwa makalio, akateremka sakafuni kwa magoti, akatambaa kwa mikono na miguu hadi mezani, akashika mguu wa meza, kisha ukingo wake, akasimama. Alinyoosha gauni.

"Na mimi je?" Kinyozi aliuliza kutoka shimoni.

"Wewe si ni laini?"

Aliinjika maji mapya kwenye sufuria, maana birika lilikuwa limekwisha kazi. Alitengeneza chai, akanywa kikombe chake chote amesimama mbele ya mzee, polepole, na hakumbuki kama kuna chai iliyowahi kuwa tamu hivyo. Ndipo akamletea na yeye.

Jioni mwanawe na mkewe walipita. Walimkuta Kinyozi bado amekaa.

"Umeona?" mkamwana alimnong'oneza mumewe. "Sofa limeshamletea wageni." Akapiga picha nyingine.

"Mtoeni huyo mzee," Mama Nukta alisema, "kisha twende nikaone kiti changu."

Walipomtoa, wawili kwa nguvu, ilijulikana kwamba kiti kiko nyumbani kwao. Mama Nukta alipelekwa huko usiku haujaingia. Alikikuta sebuleni, kimepakwa rangi nyeupe, juu yake chungu chenye maua ya plastiki.

"Vitu vya zamani siku hizi vinapendeza sana, mama," mkamwana alijitetea.

"Naona. Mnavipaka rangi, mnavitwika maua, na hamvikalii. Basi nami nangoja zamu yangu."

Hapo mwanawe alifanya jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alitoa kile chungu, akaupa mlango teke la kisigino ufunguke, akakibeba kiti kichwani mpaka kwenye gari. Hakumwomba mtu radhi. Njiani mama yake alimtazama mara mbili, lakini hakumsifu. Kijana mwenye mke na mvi huhitaji sifa za nini?

Sofa alipewa Kinyozi, akalipandisha juu ya matofali, akaanza kujinaki kwa watu. Mama Nukta huenda kulikagua. Hulizunguka, huliita kitanda cha hospitali ya ng'ombe, hukataa kulikalia, kisha huketi kwenye kigoda karibu na mlango na kubaki pale muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji.

Juzi alimuuliza Kinyozi, akiwa anatazama nje, "Alikuwa akikoroma?"

"Nani? Yule? Kama trekta."

"Muongo mkubwa wewe. Nyumbani hakuwahi kukoroma."

Kinyozi aliinua mabega. Mama Nukta alichukua kikombe chake cha chai, akakionja, akasema haina majani, akaomba kingine.