Boksi Nililopewa Bure Takaungu

Kaseti ya gemu na mashine yake vilikuwa vya sahibu yangu, si vyangu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimelisema vingine, hata kwa mke wangu.

Mjomba wake alikuwa baharia wa meli za mizigo. Safari moja alimletea mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni, na gemu moja tu: askari wa upanga anayepigana peke yake ndani ya ngome, chumba hadi chumba, mpaka auawe. Hatukuwahi kuimaliza. Sahibu yangu alikuwa mtoto wa Takaungu aliyeletwa Malindi kusoma, akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Barani, ukuta mmoja na kwetu. Kwa shangazi hakukuwa na televisheni, kwetu ilikuwako. Basi kila tukitoka chuoni, kusoma Kurani, alikuja na mashine yake kwapani, akamwamkia mama yangu shikamoo, akakaa mkekani. Yeye alikuwa hodari kuliko mimi. Nikifa upesi, alinipa zamu yake.

Tulipomaliza darasa la nane babake alifariki, akarudishwa Takaungu kujifunza uashi. Siku ya kuondoka aliniambia, "Kwetu stima hakuna. Kaa na mashine na kaseti. Mimi nipe boksi la kaseti tu, nitie vitu vyangu."

Lilikuwa boksi la karatasi ngumu, lina picha ya yule askari na kijitabu cha maelezo ndani. Akaondoka nalo.

Mashine ilikufa zamani. Kaseti ilibaki kwenye mtoto wa meza, katika duka langu la kutengeneza simu. Miaka michache iliyopita, asubuhi isiyo na wateja, niliipiga picha nikaiweka mtandaoni kwenye kundi la watu wanaokusanya gemu za zamani. Kabla ya adhuhuri jumbe zilikuwa zimejaa. Kumbe gemu ile ilitoka mwishoni kabisa mwa zama za mashine ile, watu walipokuwa washahamia mashine mpya, kwa hiyo zilitengenezwa chache, na nyingi katika hizo zikatupwa. Mnunuzi mmoja wa Ulaya alinieleza wazi. Kaseti peke yake angenipa bei ya jozi ya viatu. Ikiwa na boksi lake na kijitabu chake, na boksi halikupondeka, angetoa pesa za kutosha kununua pikipiki mbili mpya.

Ijumaa hiyo nikaenda Takaungu.

Nilimkuta barazani, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, umefungwa bandeji mpaka kifundoni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikanyaga msumari kazini na kidonda kikakataa kufunga.

"Leo umekumbuka nini?" aliniuliza akicheka.

"Nimekukumbuka wewe," nikamwambia. Tukaulizana habari za watoto. Kisha nikasema, "Lile boksi la gemu yetu, unalo bado?"

"Lipo. La nini?"

"Ukumbusho tu. Nataka kuliweka dukani, niwe nalitazama."

Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga njiani tangu Malindi. Yalinitoka laini.

Akamwita mkewe, naye akalitoa sandukuni, limeviringishwa ndani ya kanga kuukuu. Ndani yake walikuwa wameweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na kitambulisho cha marehemu babake. Mke akavimimina vyote mkekani.

"Na hizi sasa nitie wapi?" akauliza.

"Tafuta bahasha," mumewe akamjibu. "Huyu ametoka mbali."

Mimi nilikuwa naangalia pembe za boksi. Zilikuwa kali, kama zilizotoka dukani jana. Kijitabu kilikuwa chini kabisa, hakina hata mkunjo. Nilifurahi, na nikajichukia kidogo. Kidogo tu. Nikatoa noti mfukoni, akausukuma mkono wangu.

"Tangu lini mimi na wewe tukauziana? Chukua. Nimefurahi kuwa hukusahau."

Wakanizuia nile. Tulikula wali wa nazi kwa mchuzi wa papa, na tukila akanieleza kuwa daktari wa Kilifi amemtaka aende Mombasa kwa mtaalamu wa mishipa, upesi, kabla kidonda hakijapanda. "Tunangoja Mungu atujalie," alisema.

"Inshallah," nikasema, nikanawa mikono.

Pesa ziliingia wiki mbili baadaye. Nilibadilisha mabati ya nyumba, nikajaza duka vioo vya simu na betri. Mke wangu nilimwambia nimeuza kitu changu cha utotoni.

Mguu wake ulikatwa chini ya goti, kisha ukakatwa tena juu ya goti. Jamaa zake walifungua kundi la michango kwenye simu, nami nilituma mara nne. Kila nilipotuma watu waliandika, "Mungu akuzidishie." Yeye mwenyewe alinipigia simu akiwa kitandani. "Wewe ndiye ndugu," aliniambia. Nikamjibu si kitu.

Alifariki siku chache kabla ya Ramadhani. Sanda niliinunua mimi. Tulipotoka makaburini, kaka wa mkewe alinishika mkono mbele ya watu akasema rafiki ndiye huyu.

Nilipokwenda kusema kweli, sikwenda kwa ushujaa. Mjane aliniletea salamu kuwa eda imekwisha, na anataka kuja Malindi na watoto wake anishukuru mbele ya mke wangu. Hilo sikuliweza. Nikamtangulia.

Alikuwa amekaa uani akichagua pojo kwenye ungo, kaka yake ameketi karibu.

"Karibu, shemeji," akasema.

Nikamwambia sina haki ya kushukuriwa. Nikaeleza yote, boksi, mnunuzi, bei. Mkono wake uliendelea kuchagua pojo mpaka nilipotaja kiasi nilicholipwa, ndipo ukasimama.

"Ulilipwa kabla ya mguu kukatwa, au baada?"

"Kabla."

"Kwa muda gani?"

"Wiki tano."

Kaka yake akainuka. "Kaa," mjane akamwambia bila kumtazama. Kisha akanigeukia. "Siku ile ulikula wali wangu, nawe wajua bei ya boksi."

"Naam."

Nilimwambia nitazileta pesa zote, hata kama ni kuuza duka. Nilidhani atakataa. Pengine nilitumaini atakataa.

"Lete," alisema. "Wala usiite sadaka, usiite msaada. Ni haki ya mayatima. Mpe kaka yangu. Kwangu usije tena."

Nilizipeleka kwa mafungu matatu, kwa kuuza vile vioo na betri kwa hasara, na zilizopungua nikazikopa. Mke wangu alijua, na hilo hatulizungumzi. Kaka wa mjane alizipokea amesimama kando ya barabara. Salamu yangu aliiitikia kwa kuwa kuitikia ni wajibu. Fungu la mwisho nilipompa nikamuuliza kama dada yake amenisamehe.

"Hajasema," akanijibu. "Nami sitamuuliza."

Mwaka huu daktari mmoja aliniletea simu iliyoingia maji. Nilipokuwa naifungua nilimuuliza, kana kwamba ni habari ya mtu baki: mguu wa namna ile, ukiwahishwa Mombasa wiki tano mapema, huokoka? Aliniuliza rangi ya vidole, akaniuliza kama mgonjwa alisikia akiguswa. Sikujua.

"Huenda ungeokoka," alisema. "Huenda usingeokoka."

Nilitaka aseme usingeokoka. Nikamkaushia simu yake, akalipa akaenda.