Fomu ya Kuku

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa nje ya chumba cha mafunzo kabla ya chai. Nilikuwa nimefundisha shule ya nasari miaka mingi, na sauti yangu ilikuwa ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Tuliambiwa tujizoeze kusoma maswali, nami nikasoma: "Je, mume wako amewahi kukupiga?" Mafundi waliokuwa wakipaka rangi dirishani wakaacha kazi. Profesa, mama mfupi aliyesimamia utafiti wote, akanipeleka koridoni.

"Mama, hapa si paredi," akasema. "Swali kama hilo uliulize kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Vita vya uchaguzi vilikuwa vimeisha hapa Eldoret. Watu walikuwa wametoka kwenye mahema, wengine wakarudia nyumba zisizo na paa. Chuo kikuu kilichotuajiri kilitaka kujua wanawake walitendewa nini wakati wa vita, na bado wanatendewa nini nyumbani, maana kuna waliookoka barabarani wakaja kuumizwa jikoni kwao. Kazi yetu makarani ilikuwa kuwasikiliza na kujaza fomu. Kwanza unaomba ridhaa, yaani mama akubali mwenyewe, na ajue anaweza kukataa swali lolote. Halafu unatafuta faragha, mahali ambapo hakuna mwingine anayesikia.

Faragha! Kule Ainabkoi nilimhoji mama mmoja katikati ya shamba lake la viazi, sote tumeinama tukichimba, kwa sababu mama mkwe wake alikataa kubanduka mlangoni. Nilirudi ofisini na fomu yenye matope na ndoo ya viazi. Msimamizi wa nyanjani alikula viazi, akaikataa fomu.

Kwa ajili ya dharura tulikuwa na fomu ya pili, ya bandia, inayohusu kuku. Mwanamume akiingia, unageuza karatasi na kuuliza habari za kuku. Profesa alituapisha tusiisahau fomu ile, kwani mume akijua mkewe amesema nini, mke ndiye atakayeumia, si sisi.

Nilipohamishiwa mtaa wa Langas nilikutana na mama ambaye sitamtaja jina. Alinieleza mambo yake polepole, mikono ameificha ndani ya leso. Mume wake alikuwa ameapa kummaliza siku atakayoyatoa nje. Nikafika kwa swali, "Umewahi kumwambia mtu yeyote mambo haya?" Kabla hajajibu, mlango ukafunguka. Mume, fundi wa mbao, alikuwa amerudi mapema.

Nikageuza karatasi. "Na kuku wenu wanakula nini?"

Jamani, yule bwana alivuta stuli akaketi. Alinieleza kuku tangu yai. Alinipa maoni yake juu ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, juu ya pumba, na juu ya majirani wasiojua kufuga. Mimi naandika tu. Niliogopa, sitaficha. Nikiondoka, namwacha mama na maneno nusu yametoka, na sina njia ya kurudi bila bwana huyu kushuku.

Mwishowe akaenda kuleta kuku wake mweupe, amezubaa, mbawa zimelegea. Akauliza kama ofisi inaweza kumtazama. Hapo akili ikanijia. Nikamwambia huyo lazima aletwe mjini kesho, na aletwe na anayemlisha, kwa sababu kuna maswali ya chakula. Akakubali palepale. Akamwagiza mkewe avae vizuri asimwaibishe.

Asubuhi mama alifika na kuku kwenye kikapu. Mshauri wetu, aliyewasaidia wanawake walioumizwa, alizungumza naye, akampangia safari ya kwenda kwa dada yake Moi's Bridge siku hiyohiyo. Mama akasema hatoki kabla hatujamaliza fomu. Tulikuwa ndio tumeketi tuliposikia sauti ya mume wake pale mapokezi. Mama akanishika mkono.

Profesa, mtu aliyemfuta karani kazi kwa kudanganya alama moja kwenye fomu, akatoka kwenda kumkabili.

"Kuku amelazwa," tukamsikia.

"Naweza kumwona?"

"Hapana. Na hali yake ni siri ya ofisi."

Bwana akashukuru, akaenda zake. Hakuuliza mke wake yuko wapi.

Mama alicheka huku amejiziba mdomo, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye. Halafu akajifuta kwa leso, akaniambia nisome tena lile swali.

Nimestaafu sasa. Vijana wa siku hizi wanahoji kwa tableti, na wakinitembelea huniuliza kama karatasi zetu zilimsaidia mtu. Nyingi sijui zilikoishia, na huwaambia hivyo. Moja naijua. Swali lile lilikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Nilimsomea tena: umewahi kumwambia mtu yeyote mambo haya?

"Tia ndiyo," akasema. "Halafu uandike hapo kando: leo."